Fundi, jiko limekuja bila plagi

SWALI

Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Makorora, Tanga. Naoka keki za oda, na mwezi wa Ramadhani naoka mkate wa sinia. Kwa miaka minne nimetumia oveni ya gesi ambayo upande mmoja inaunguza na upande wa pili inaacha mbichi. Mwaka huu nilicheza mchezo na wenzangu, na zamu yangu ilipofika nikanunua jiko jipya la umeme, plati nne juu na oveni chini. Leo ni siku ya kumi na mbili, bado liko sebuleni ndani ya boksi lake, na oda ya harusi ninayo mwisho wa mwezi ujao.

Tatizo, halina plagi. Nyuma kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Nilikifungua kwa bisibisi nikakuta skrubu tano au sita, baadhi zimeunganishwa kwa vipande vya shaba, na waya hakuna hata mmoja. Muuzaji ananiambia majiko haya huja hivyohivyo, nitafute fundi.

Fundi aliyekuja alitazama jikoni, akaenda kutazama meni swichi, akarudi na bei: shilingi 340,000 pamoja na vifaa. Nilishtuka. Yote hiyo kwa kufunga nyaya tatu? Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayekaa nasi, alicheka, akanionyesha video kwenye simu. Mzungu mmoja huko Uingereza anafunga jiko kama langu kwa dakika kumi na mbili. Kahawia hapa, bluu hapa, kijani na njano hapa, analisukuma ukutani, kwisha. Shemeji anasema tununue waya mnene mita tatu na plagi nzuri ya 13, tuchomeke kwenye soketi ileile ya friji. Breka ikikatika tutaweka kubwa zaidi.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko njia ya Tunduma. Kwenye simu anasema mtu asiliguse, akirudi atalifunga yeye. Lakini Fundi, kusema kweli ningependa kulifunga mimi. Umeme siuogopi. Plagi za nyumba hii nabadilisha mimi, fyuzi naweka mimi, na swichi ya chumba cha watoto niliifunga mimi na inafanya kazi mpaka leo. Tesita ninayo. Hata soketi ya friji nimeipima: tundu moja linawasha taa, mawili hayawashi, ndivyo inavyotakiwa. Kwa hiyo soketi ni nzima. Friji yenyewe tu ndiyo hunitekenya kidogo nikiishika niko peku wakati wa kupiga deki, lakini hilo ni la zamani, tumelizoea.

Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba anakaa upande wa pili wa ua. Nyaya zake ni za kizamani, nyekundu na nyeusi. Kibati cha nyuma ya jiko kimeandikwa: 220–240V~ / 380–415V 3N~, 50Hz, 7.4kW.

Naomba unijibu bila kunificha. Naweza kufunga mwenyewe? Na kama siwezi, hiyo 340,000 ni haki au naibiwa?

Muoka keki, Makorora

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale ulipopita mbio kuliko kwingine kote: friji inakutekenya ukiwa peku. Jiko tuliache kwanza ndani ya boksi. Hilo la friji ni la leo, kabla hujapiga deki tena.

Vaa ndala kavu, zima breka ya soketi za jikoni, kisha chomoa friji. Usiirudishe kwenye soketi hiyo mpaka aje mtu mwenye vipimo. Najua ndani kuna siagi na maziwa, viombee nafasi kwa jirani. Bati la friji halitakiwi kumtekenya mtu hata kidogo, liwe jipya au kuukuu. Likitekenya, maana yake umeme umefika kwenye bati na unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia uliyoipata umeme huo ni mwili wako. Ukiwa na ndala juu ya vigae vikavu utasikia kidogo, au hutasikia kabisa. Ukiwa peku juu ya maji ya deki, umeme uleule unapita kwa wingi zaidi. Miliampia 50 zikipita kifuani zinaweza kuuvuruga moyo ukaacha kupiga sawasawa. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutumia mara tano ya hizo. Kwa hiyo "kidogo" ya umeme usiipime kwa jinsi unavyoisikia kwenye vidole. Na umeniambia kuna chumba cha watoto. Watoto wanaingia jikoni peku kila siku.

Sasa tesita yako. Ulipoichomeka kwenye tundu la ethi, yaani la waya wa kupeleka umeme ardhini, taa haikuwaka, ukasema ni nzima. Tesita inaweza kukuonyesha kwamba mahali fulani pana umeme. Haiwezi kukuonyesha kwamba waya wa ethi umefika ardhini. Waya ulioungwa vizuri kwenye fimbo iliyozama ardhini hauwashi taa, na waya uliokatika ndani ya ukuta nao unaweza usiiwashe. Tundu ni lilelile, jibu ni lilelile, na nyumba mbili hizo hali zake ni tofauti kabisa.

Hili nimelijua kwa kosa langu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimfungia mama mmoja jiko la plati mbili. Skrubu nilizikaza, rangi zilikuwa sahihi, waya ulikuwa mnene wa kutosha. Ethi ya jiko niliiunga na waya wa kijani niliokuta ukutani, nikaridhika kwamba upo. Sikutoka nje kutazama unaishia wapi. Baada ya miezi michache akaniita, akasema akikoroga uji kwa kijiko cha chuma vidole vinakufa ganzi. Ndipo nilipozunguka nyuma ya nyumba. Waya wa kijani ulikuwa umetoka ukutani ukajikunja juu ya mchanga, na hatua moja kutoka hapo, chini ya mchaichai, palikuwa na kipande cha nondo kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kiganja, hakijaungwa na kitu chochote. Plati moja ilikuwa imepata ufa na maji yameingia ndani. Yule mama alikuwa mzima kwa sababu tu alizoea kupika akiwa na kandambili miguuni. Na mimi ndiye niliyemwambia jiko liko salama. Tangu siku ile sifungi kifaa chochote cha chuma kabla sijazunguka nyuma ya nyumba.

Kuna jambo watu wengi hawalijui, na naomba ulielewe hili kuliko yote mengine. Waya wa ethi unapita soketi zote za nyumba na kuunganisha mabati ya vifaa vyote: friji, pasi, hita ya maji, na kesho jiko lako. Ukifika ardhini, unavilinda vyote. Usipofika, unavifunga pamoja kama ng'ombe kwenye kamba moja. Siku koili moja ya jiko ikipasuka na kugusa bati, umeme utasambaa kwa waya huohuo hadi kwenye friji na kwenye pasi iliyoko chumbani, hata kama jiko lenyewe hakuna aliyeligusa. Kwa hiyo ukiunga jiko la wati 7,400 kwenye nyumba ambayo tayari inatekenya, umeongeza ng'ombe mkubwa kwenye kamba hiyo.

Tuje kwenye video. Shemeji yako hakudanganya, na yule bwana wa Uingereza huenda anajua kazi yake. Lakini nyumba nyingi za kule zimejengwa na njia ya jiko ndani yake: kebo nene ya peke yake kutoka ubao wa meni swichi hadi jikoni, breka yake ya 30 au 32, na swichi kubwa ukutani. Yeye anaunga kipande cha mwisho cha kazi ambayo wengine waliimaliza zamani. Hata huko England, tangu 2005, anayevuta njia mpya ya umeme nyumbani lazima ataarifu mamlaka ya ujenzi au ampe kazi fundi aliyesajiliwa. Jikoni kwako njia hiyo haipo. Nyaya tatu za mwisho ni dakika kumi na mbili kweli. Fundi wako amekutajia bei ya yaliyo nyuma yake.

Chukua hesabu za kibati chako. Wati 7,400 gawanya kwa volti 230, unapata ampia 32. Plagi ya pini tatu imetengenezwa kwa ampia 13, yaani kama wati 3,000. Kwa majiko ya ukubwa huo, oveni huwa na wati 2,000 na ushei, na plati kubwa kama 1,500 kila moja. Washa oveni na plati mbili kubwa, umefika ampia 23 au 24 kwenye plagi ya 13. Fyuzi ikiwa halali itakatika. Ikiwa mtu ameifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya, kama nilivyokwishaona mara nyingi, itayeyuka plagi na soketi kabla ya kitu kingine chochote.

Sisi mafundi tuna kanuni ya jiko la nyumbani: ampia 10 za kwanza unazihesabu zote, zilizobaki unahesabu asilimia 30 tu, kwa kuwa ni nadra mtu kuwasha kila kitu kwa pamoja, na oveni ikishafikia joto hujikata na kurudi. Kwa jiko lako inatoka kama ampia 17. Lakini kanuni hiyo ilitungwa kwa mtu anayepika wali na mchuzi kisha akazima. Wewe wiki ya harusi utawasha oveni tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na juu yake sufuria ya shira na nyingine ya maji moto. Mweleze fundi hivyo kabla hajachagua waya. Asifikiri ni jiko la ugali wa jioni.

Na ile ya "breka ikikatika tuweke kubwa zaidi" mwambie shemeji, kwa upendo, aifute kabisa kichwani. Breka imewekwa kuulinda waya. Soketi za nyumba nyingi zimevutwa kwa waya wa mili 2.5, na waya huo ukiwa ndani ya bomba ukutani uwezo wake ni kama ampia 20. Ukiuwekea breka ya 32, basi kitakachoungua kwanza ni waya wenyewe. Tena breka ya 32 haikati ikifika 33. Jinsi zilivyotengenezwa, inaweza kubeba ampia 36 saa nzima ikiwa imetulia tu. Muda wote huo waya wa 2.5 unapikwa ndani ya ukuta, plastiki yake inakauka na kupasuka, na hakuna anayeona. Jiko la namna yako linataka kebo ya mili 6 kutoka meni swichi bila kugawana na kitu kingine, breka ya 32, na swichi ya jiko ukutani. Swichi hiyo wewe ndiye uchague pa kuiweka: isizidi mita mbili kutoka kwenye jiko, na isiwe juu ya jiko lenyewe, ili mafuta yakishika moto usilazimike kupitisha mkono juu ya sufuria kwenda kuzima.

Zile skrubu za nyuma ulizoziona, na vipande vya shaba, ndizo zinazowapoteza hata mafundi. Kibati chako kina maandishi mawili kwa sababu jiko linaweza kufungwa kwenye fezi moja (fezi ni waya unaoleta umeme), 220 hadi 240, au kwenye fezi tatu, 380 hadi 415. Vipande vya shaba ndivyo vinavyochagua. Kwa nyumba ya fezi moja, sehemu za L1, L2 na L3 huungwa pamoja, na nyutro, zile za kurudisha umeme, nazo pamoja, kwa mchoro uliomo kwenye karatasi ya jiko au uliochapwa kwenye kifuniko. Kipande kikiachwa, plati mbili hazitawaka na utadhani jiko ni bovu. Kikiwekwa pasipo pake, ni shoti siku ya kwanza. Rangi nazo zina mtego kwenye nyumba yako. Kwenye nyaya zako za zamani nyeusi ni nyutro. Kwenye kebo mpya za nyaya tano, nyeusi ni fezi, na nyutro ni bluu. Mtu akienda kwa mazoea ya rangi tu, ataunga fezi na nyutro.

Kisha kukaza. Muungano uliolegea hauonekani kwenye balbu ya wati 9. Kwenye jiko unaua. Tuseme skrubu imelegea kidogo tu, ukinzani wake ni sehemu moja ya kumi ya omu. Kwa ampia 24, pale penye skrubu panazaliwa joto la wati 57 au 58, mahali padogo kama punje ya hindi. Pasi ndogo ya kulehemu nyaya za redio ina joto la kiasi hichohicho. Kila saa ya kuoka, mtu ameishikilia ukutani kwako. Swichi ya chumba cha watoto uliyoifunga nakusifu, na naamini umeifunga vizuri, lakini ile haikupimi kwa namna hii.

Umeniuliza moja kwa moja, nami nakujibu hivyohivyo: hapana, hili usilifunge wewe, wala shemeji. Mikono ya kushika bisibisi unayo, na ungekuwa umenunua oveni ndogo ya mezani ya wati 1,500 iliyokosa plagi ningekwambia endelea, ila ethi kwanza. Kwa jiko hili unachokosa ni vipimo: kipimo cha ukinzani wa ethi na kipimo cha kinga ya nyaya, vifaa ambavyo mtu hanunui kwa ajili ya jiko moja. Na kwa sheria za Tanzania, kufunga mifumo ya umeme ndani ya majengo ni kazi ya leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mwombe fundi akuonyeshe yake. Fundi wa kweli haudhiki kuulizwa, kishoka ndiye hukasirika.

Mumeo nampa heshima yake, anataka nyumba yake iwe mikononi mwake. Mwambie jambo moja tu. Kuongeza breka ya jiko ni lazima kufungua ubao wa meni swichi, na hata meni swichi ikiwa imezimwa, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita ya LUKU zina umeme palepale, sentimita chache kutoka kwenye mkono wa anayefanya kazi. Dereva anayeshuka kutoka Tunduma na usingizi wa siku tatu hatakiwi kuwa hapo. Awepo siku fundi anakuja, ashike tochi, aulize maswali. Hiyo ni kazi ya baba wa nyumba.

Sasa 340,000. Siwezi kukwambia ni wizi, na tayari kuna jambo limenipendeza kwa huyo fundi: alikwenda kutazama meni swichi kabla ya kutaja bei. Wengi hutaja bei wakiwa mlangoni. Mrudie, mwambie aiandike bei kipande kwa kipande. Mita ngapi za kebo ya mili 6, na ya kampuni gani, maana shaba nyembamba iliyoandikwa 6 ipo madukani. Breka ya 32. Swichi ya jiko. Halafu uliza vitu viwili vyenye uzito kuliko vyote: fimbo ya ethi imo, na RCD, yaani swichi inayokata umeme unapovuja, imo? Kama vimo, na atapima mbele yako, lipa na umshukuru. Kama bei hiyo ni ya kebo, breka na swichi peke yake, ni ghali, na kazi haijakamilika.

Nakueleza kwa nini RCD, kwa sababu wapo watakaokwambia fimbo ya ethi inatosha. Fimbo nzuri ya mita 1.2 kwenye udongo wa kichanga inaweza kukupa ukinzani wa omu 50, na kiangazi udongo ukikauka unapanda zaidi. Umeme ukivuja kwenye bati la jiko, 230 gawanya kwa 50, zitapita ampia 4.6 kwenda ardhini. Breka ya 32 haijali ampia 4.6, itakaa tu, na bati litabaki na umeme. RCD ya miliampia 30 yenyewe inalinganisha umeme uliokwenda na uliorudi. Ukipungua kwa kiasi hicho kidogo inakata kabla hujamaliza kushtuka. Ina kitufe cha T. Kila mwanzo wa mwezi kibonyeze. Isipokata, mwite fundi siku hiyohiyo.

Kuhusu mwenye nyumba, usichimbe ukuta wake kabla hujazungumza naye. Mkatie keki, mpelekee jioni, kisha mweleze mambo mawili kwa kuyatenganisha. Njia ya jiko ni haja yako, unalipa wewe, ila ukihama kebo inabaki, kwa hiyo unaomba mkubaliane kwa maandishi iwe sehemu ya kodi au angalau asikupandishie. Ethi ya nyumba si haja yako peke yako. Ni nyumba yake, na kama ua mmoja una meni swichi moja, hata wanawe wanashika mabati yaleyale. Hilo ni la kwake kulipa, na akisitasita mwombe fundi ampimie mbele ya macho yake. Na mita ya LUKU na lakiri yake asiiguse mtu, fundi wala mwenye nyumba. Ikionekana matumizi ya nyumba nzima yamezidi, njia ni kuomba TANESCO.

Siku ya kuwasha, usipange oda yoyote. Washa oveni tupu, nyuzi 200 au zaidi, saa nzima, madirisha wazi. Itatoa moshi kidogo na harufu ya mafuta ya kiwandani, hiyo ni kawaida. Inawezekana RCD ikakata dakika za mwanzo, kwa sababu unga mweupe uliojazwa ndani ya koili hunyonya unyevu jiko likikaa ghalani, na hewa ya Tanga ina unyevu. Fundi awe bado hapo. Atajua kama ni unyevu wa kukausha kwa moto mdogo au ni koili mbovu ya kurudisha dukani. Usikubali mtu aiondoe RCD ili jiko liwake.

Baada ya hapo soma namba za LUKU, oka keki moja ya kawaida, zisome tena, uandike umetumia yuniti ngapi. Hizo ziingie kwenye bei ya keki. Na uoke nyingine saa moja usiku, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu. Volti zikishuka hadi 190, oveni ya wati 2,400 inabaki na wati kama 1,640, karibu theluthi ya moto imepotea, na keki iliyoiva kwa dakika 40 asubuhi itataka muda mrefu zaidi usiku. Ujue hilo kwa keki ya nyumbani, kabla ya ile ya harusi.